Geuza Kitambaa

Nianze na kosa langu, ndio tusipotezeane muda.

Desemba iliyopita nilirekodi video nyumbani kwa kukhu, hapa Mayoni. Kama hujawahi kufika, Mayoni ni soko kando ya barabara ya Mumias kwenda Bungoma, upande wa Matungu, pahali trekta za miwa na bodaboda zinang'ang'ania lami moja. Na kukhu ni nyanya, kwa wale ambao Kiluhya hakijawafikia. Basi nikazunguka sebuleni na simu nikionyesha vitambaa. Kochi limevaa. Meza imevaa. Redio imevaa. Runinga imefunikwa uso kama bibi harusi. Nikamalizia nikisema, "Huku kwetu ukikaa dakika tano bila kusonga, na wewe unafunikwa."

Watu walicheka vibaya sana. Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mwaka mzima, na nikajiona mjanja.

Siku tatu baadaye binamu yangu akamwonyesha kukhu kwa simu yake. Mimi nilikuwa pale mlangoni najifanya navaa viatu. Kukhu akatazama, akaomba irudiwe, akatazama tena. Hakucheka na hakukasirika. Akarudisha simu, akaniambia, "Mwana wanje, umepiga mbele peke yake."

Sikuelewa. Akainuka, akatoa kitambaa kwenye mgongo wa kochi, kile cha tausi, akakigeuza akanipa.

Wasee, nyuma kulikuwa na tausi mwingine. Mkia ule ule, shingo ile ile ya buluu, ila sasa anaangalia upande wa pili. Hakuna fundo hata moja. Hakuna uzi unaoning'inia. Hakuna uzi unaoruka kutoka ua moja hadi lingine kama waya za stima za wizi.

Nimekalia hicho kitambaa maisha yangu yote. Nimekimwagia chai. Nimekifutia mikono yenye mafuta ya chapati, na msiniangalie hivyo, hata nyinyi mmefanya. Lakini sikuwahi kukigeuza.

Hii posti ni juu ya huo upande wa nyuma.

Kwanza nikuelezee kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaita kila kitu "vitambaa vya mamake nani" na basi. Kuna vile vya kufumwa, vinavyotengenezwa kwa uzi na sindano yenye kulabu. Hivyo ni vingine. Ninavyosema mimi ni vya kutarizi, au kudarizi, yote ni sawa. Hapa kitambaa kipo tayari na wewe unakiongezea picha kwa uzi.

Uzi wa kutarizi unauzwa kwa vifungu vidogo. Ukishika ncha yake na kuichambua, unakuta ni nyuzi sita zimelala pamoja. Hapo ndipo uamuzi wa kwanza unapoanzia. Kukhu hutumia nyuzi mbili kwa jicho la ndege na miguu yake, tatu kwa majani, na zote sita kwa zile herufi kubwa za KARIBU. Ukikosea hesabu hiyo, jicho linakuwa donge na herufi zinakuwa nyembamba kama za daktari.

Picha inachorwa kwa penseli au inanakiliwa kwa karatasi ya kaboni. Kisha kitambaa kinabanwa katikati ya fremu mbili za mviringo, moja ndani ya nyingine, hadi ukikigonga kinalia kama ngoma. Shina la ua linashonwa kwa mshono wa mnyororo, ambapo kila pete inashikwa na ile inayofuata. Jani linajazwa kwa kulaza uzi kando ya uzi mpaka nguo isionekane. Vile vinundu vya katikati ya ua unavipata kwa kuzungusha uzi mara mbili kwenye sindano, halafu unaishusha karibu kabisa na pale ilipotokea. Ukivuta haraka, kinundu kinapotea. Ukivuta polepole sana, uzi unajisokota. Nimeyajua haya kwa uchungu, nitawaambia.

Na nyuma je? Uzi ukiisha, kukhu hafungi fundo. Anapitisha sindano chini ya mishono mitatu minne ya nyuma, anakata. Akianza uzi mpya anafanya hivyo hivyo. Rangi ikihitajika upande ule mwingine wa kitambaa, anakata na kuanza upya badala ya kuivusha juu kwa juu. Inakula muda, lakini kitambaa kinafuliwa miaka thelathini na hakifumuki.

Kuna kitu kingine kitakusaidia sokoni. Mashine ya kutarizi inatumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa chini unaotoka kwenye bobini. Mara nyingi ule wa chini ni mweupe tu, hata kama ua ni jekundu. Kwa hivyo mtu akikuambia hii ni kazi ya mkono, usibishane naye. Geuza. Ukiona nyuma pamejaa uzi mweupe, mshukuru kwa muda wake na uende.

Sasa, hii kazi ilifikaje huku kwetu kwa miwa?

Kukhu alifundishwa na senje yake, shangazi upande wa baba. Senje alifundishwa kwenye kilabu cha Maendeleo ya Wanawake. Hicho chama kilianza 1952, mwaka ule ule mkoloni alipotangaza hali ya hatari Kenya, na kilianza chini ya mkono wa serikali yenyewe. Wanawake walikusanywa kwenye vilabu wakafundishwa usafi, upishi, kushona, kutarizi. Mimi naona mkoloni alikuwa na hesabu zake. Mwanamke aliyeinamia ua la uzi sebuleni hana muda wa kuuliza maswali ya shamba. Kwa hivyo mtu akiniambia vitambaa ni kumbukumbu ya ukoloni, siwezi kumkatalia kabisa.

Lakini angalia kile wanawake wenyewe walifanya nayo. Walichukua somo la kuwa mke mzuri wakaligeuza biashara. Walishona wakauzia walimu, wakauzia makarani, wakauzia kila bibi harusi aliyekuwa anahamia nyumba mpya. Walianzisha vikundi vya kuchangiana, huyu leo, yule mwezi ujao, na pesa ya kuchanga ilitoka kwa sindano. Mkoloni hakuwafundisha hiyo sehemu.

Na ukitaka kwenda nyuma zaidi, sindano ya kutarizi ilikanyaga huku kabla ya mkoloni. Mumias hapo jirani palikuwa kituo cha misafara kutoka pwani iliyofuata pembe za ndovu, na Nabongo Mumia wa Wawanga ndiye aliyewapokea. Joseph Thomson, yule Mskoti aliyetembea kutoka pwani, alifika huko 1883 na Waswahili walikuwa wanaijua njia. Waliokuja wakakaa walikuja na dini yao, lugha yao, na nguo zao: kanzu yenye tarizi shingoni na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Ndiyo maana mpaka leo, Ijumaa mchana Mumias, utaona kofia ambazo ukizipiga picha na kusema ni Lamu, hakuna atakayekubishia.

Hizo kofia mtu asikudanganye ni kitu rahisi. Ile nzuri ya vito ni nguo nyeupe tabaka mbili, imejaa vitundu vidogo vilivyotobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi. Moja inaweza kula wiki nyingi, hata miezi. Na huko Lamu utawakuta wanaume wameketi wanazishona. Nasema hivi kwa ajili ya vijana wa stendi hapa Mayoni walioniona na fremu mkononi wakaniuliza kama nimeolewa. Jibu ndilo hilo. Mmeshakaa kwenye matanga na wazee wenye kofia kama hizo na hamkuuliza nani alizishona.

Hata neno lenyewe limesafiri. Kutarizi lilitoka kwa Kiarabu. Wapalestina wana sanaa yao ya kutarizi wanayoiita tatreez, na ni mzizi mmoja na neno letu. Huko kwao zamani nguo ya mwanamke ilikuwa inakuambia ametoka kijiji gani, kwa ruwaza na rangi tu. Mwaka 2021 UNESCO ikaiweka sanaa hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mimi mwaka huo nilikuwa nafutia mikono kwenye yangu.

Turudi nyumbani. Baada ya ile aibu nilimwomba kukhu anifundishe. Nia yangu, niseme ukweli, ilikuwa video nyingine. Nilidhani nitashona jani moja jioni moja, nirekodi, nionekane kijana mwenye heshima kwa wazee, tusonge mbele.

Jani moja lilinichukua siku nne. Nilijidunga hadi kukhu akaniambia nitumie uzi mwekundu, damu isionekane. Jani likatoka kama kidole gumba kilichopigwa nyundo. Akaligeuza, akaangalia nyuma, akanipa mkasi. "Fumua."

Nilifumua mara tatu wiki hiyo. Ndipo nikaanza kumpima yeye. Kila anapokaa na fremu ninaanzisha saa ya simu, akiweka chini ninaisimamisha. Nilifanya hivyo mpaka akamaliza seti nzima ya kochi, vitambaa kumi na viwili vikubwa kwa vidogo.

Masaa 144.

Seti hiyo huwa anaiuza 5,000. Nguo na nyuzi zinakula 1,400. Zinabaki 3,600. Gawanya kwa 144. Ni shilingi 25 kwa saa. Mtu wa kulima shamba la wenyewe hapa kwetu analipwa 300 kwa asubuhi ya masaa manne, yaani 75 kwa saa, na hiyo tunaita kazi ya shida. Kukhu anafanya kazi kwa theluthi ya jembe.

Nilimwonyesha hesabu jioni hiyo. Nilidhani atashangaa. Akaniambia, "Na sanduku lako je?"

Hapo mama ndiye aliyenieleza. Mwaka 2016, nikiingia kidato cha kwanza, pesa za miwa hazikuja. Nilikumbuka tu kwamba nilienda shule. Nilikumbuka sanduku la bati la buluu, godoro, sare mbili na viatu. Sikujua kwamba kutoka Agosti hadi Januari kukhu alishona seti nne, nyingine usiku kwa taa ya sola, akaziuza kwa mikopo ya kulipa pole pole kwa wanawake wa sokoni. Sanduku lilikuwa tausi. Godoro lilikuwa waridi. Mimi nimetengeneza mzaha juu ya karo yangu mwenyewe, na nikapata wafuasi.

Sasa hapa ningependa kuwaambia nilirekebisha mambo. Ukweli ni kwamba kwanza niliharibu zaidi.

Niliweka video ya pili, hii ya kitambaa kikigeuzwa. Dada mmoja wa Nairobi akaniandikia, mpole kabisa, anataka seti ya kochi kwa nyumba ya mamake. Anauliza bei. Mimi nikiwa na hasira yangu ya hesabu nikapiga: masaa 144 mara 75, ni 10,800. Ongeza 1,400 za vifaa, ni 12,200. Nikaondoa mia mbili kwa heshima, nikamwambia 12,000. Nikamwandikia na aya nzima kuhusu thamani ya kazi ya mama zetu.

Akajibu, "Woi, asante." Hajawahi kuandika tena.

Kukhu akauliza yule mteja alisema nini. Nikamwambia.

"Ulimwitisha ngapi?"

"Elfu kumi na mbili."

Akanyamaza. Alikuwa ameshapanga hiyo pesa, mbolea ya mahindi. Kisha akaniuliza, "Na wewe utazinunua?"

Sikuwa nazo. Sikuwa hata na nusu. Nilikuwa nimetetea haki ya mtu bila kumuuliza, na yeye ndiye aliyelipa. Mbolea tulinunua kwa deni.

Ndio maana sitawaambia leo kwamba suluhisho ni kupandisha bei na kupiga kelele. Tulikaa chini, safari hii na yeye, tukafanya hesabu upya kuanzia mfuko wa mnunuzi. Tukaona kijana wa kupanga chumba kimoja hana kochi la watu saba, lakini ana kitanda. Foronya mbili zenye maua pembeni, au na maneno kama yale ya zamani ya USIKU MWEMA, zinachukua masaa 14 na vifaa vya 350. Ukitaka saa yake ilipwe 75, bei ni 1,400. Hiyo mtu anaweza. Tumeuza jozi sita tangu wakati huo. Si pesa nyingi, ila ni mara ya kwanza sindano ya kukhu kulipwa sawa na jembe.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, mnaweza kukataa.

Moja, tuache kusema kazi ya mkono "haina bei". Najua tunamaanisha vizuri. Lakini sisi ndio tunasema haina bei, halafu tunailipa kama kwamba kweli haina. Kitu cha upendo kina masaa ndani yake. Muulize mwenye kushona ni masaa mangapi kabla hujaomba upunguziwe, halafu uone kama mdomo utafunguka.

Mbili, mashine haina makosa. Nembo ya sweta ya shule ishonwe na mashine, mia tano kwa siku, na iwe ya bei rahisi. Hakuna mtoto anayehitaji nembo ya masaa kumi. Shida inakuja pale kazi ya mashine inauzwa kwa jina la mkono, na sisi hatujui tofauti kwa sababu hakuna aliyetufundisha kugeuza. Mama alifundishwa kutarizi kwa somo la Sayansi Kimu katika 8-4-4. Mimi nilipofika shule ya msingi, kwa ratiba yetu somo hilo halikuwepo. Kati ya mama na mimi uzi ulikatika, na hakuna aliyeupitisha chini ya mishono minne ya nyuma.

Tatu, na hii ndiyo ninataka mkae nayo: tulichokataa ni tausi. Hatujawahi kukataa mkono. Tunachanganya hizo mbili.

Hii ya tatu sikuifikiria mwenyewe. Ilitoka kwa harusi.

Binamu yangu, yule yule wa simu, anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Kukhu amemshonea kila mjukuu wa kike seti ya kochi, na zamu yake ilifika. Binamu anakaa Ruiru, nyumba yake ina ukuta mweupe na kochi la kijivu na mmea mmoja. Akaniita pembeni. "Mwambie kukhu asijisumbue. Kwangu hakuna pahali pa tausi." Nilimkasirikia, halafu nikakumbuka ni nani alitengeneza ile video.

Nilizunguka na huo ujumbe siku mbili. Mwishowe nikausema nikiwa nimeangalia chini. Kukhu akauliza, "Kochi ni la rangi gani?"

"Kijivu."

"Na anataka nini?"

"Hataki maua. Anapenda vitu vyenye havina mambo mingi."

Akafikiri kidogo. "Kwani nani aliwaambia sijui kushona kijivu?"

Ilibainika kwamba kwa miaka hamsini na kitu hakuna mtu aliyewahi kumwitisha kitu kingine. Waliitisha tausi, akashona tausi. Waliitisha waridi, akashona waridi. Kesho yake alinituma Mumias nitafute uzi wa kijivu wa aina tano, kutoka ule wa moshi hadi ule wa jivu baridi. Akatoka nje, akakata jani la muwa kwenye shamba, akalilaza juu ya nguo, akalifuata kwa penseli. Jani la muwa ni refu, limepinda kidogo, lina mstari mmoja katikati. Hakuna mambo mingi. Kijivu juu ya kijivu, usipokaribia hulioni, ukikaribia unaona kila uzi.

Binamu alipotumiwa picha alipiga simu analia. Anazitaka zote kumi na mbili.

Shida ni macho. Kukhu amekuwa akisema kuna ukungu, na sisi tulikuwa tunasema ni uzee. Mwezi uliopita daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na akampa tarehe ya upasuaji wa jicho la kwanza. Rangi tano za kijivu kwa jicho lenye ukungu ni rangi moja. Kwa hivyo kazi yangu ikawa kumpangia nyuzi kwa mpangilio kwenye kipande cha karatasi ngumu, kumtungia sindano kumi kila asubuhi na kuzichomeka kwenye mto wa kochi, na kumwambia "hii ni ya moshi, hii ni ya jivu". Alimaliza vitambaa tisa hivyo. Kisha akaweka fremu chini akasema zilizobaki ni zangu.

Nilimwambia siwezi. Akasema anajua.

Cha kumi nimekifanya wiki tatu. Nilikuwa mwangalifu sana. Majani yangu yalilala vizuri, mstari wa katikati umenyooka, na nikisimama mbali kidogo huoni tofauti na vyake. Jumapili baada ya kanisa nikampelekea. Nikajiambia na hayo macho, kitapita.

Hakukiangalia kabisa. Alikigeuza, akakilaza juu ya goti, akapitisha kidole gumba nyuma, polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Fundo," akasema.

Akaendelea. "Na hapa. Na huu umeruka."

Nilikuwa nimefunga mafundo mawili usiku, nikiwa nimechoka, nikadhani hakuna atakayejua. Na kweli binamu yangu hangejua. Angekiweka kwa kochi lake la kijivu, wageni wangekisifu, na baada ya kufuliwa mara kadhaa fundo lingeachia, jani lingeanza kufumuka, na hakuna ambaye angejua ni kwa nini.

Akanipa mkasi.

Sasa ni saa nne usiku, Mayoni, stima imepotea na ninaandika hii kwa simu iliyo na asilimia kumi na tisa. Jani la kwanza nimelifumua. Kukhu anaingia upasuaji Alhamisi. Zimebaki tatu, nikihesabu hii, na harusi haitasonga.

Kama kwenu kuna kitambaa kwa kochi, fanya tu hivi kabla hujalala. Geuza uone. Halafu kama aliyekishona bado yuko, mpigie simu.